OTI PORI: Gugu Linalojipanda Lenyewe Katikati ya Ngano

Kuna mshikaji mmoja ambaye wazee wake wanalima ngano kaniuliza swali zuri: "Kuna majani fulani kila mwaka tunayang'oa na kila mwaka yanarudi. Mzee anasema tumerogwa. Ni kitu gani?" Akanieleza yalivyo: yanafanana na ngano mpaka yatoe masuke, halafu mbegu zake zina ndevu nyeusi zilizopinda kama kiwiko. Hapo nikajua. Hakuna uchawi, hiyo ni oti pori. Na kwa kuwa ada ya watu inatoka kwenye hilo shamba, leo tulichambue gugu lenyewe kuanzia mizizi hadi ndevu.

JINA KWANZA

Kitaalamu linaitwa Avena fatua. Jina hilo alilipa Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1753. Avena ni oti kwa Kilatini, na fatua ni "isiyo na maana", yaani oti ya bure isiyomfaa mtu. (Msichanganye na fatwa, haina uhusiano!) Wengine wanaliita shayiri mwitu, lakini shayiri hasa ni mmea mwingine. Ndugu yake halisi ni oti ile inayosagwa uji, Avena sativa. Zote mbili zina kromosomu 42, ndiyo maana zikikutana shambani zinaweza kuzaliana.

Asili yake ni Ulaya na Asia. Imesambaa duniani ikiwa imejificha ndani ya magunia ya mbegu za ngano na shayiri. Popote ngano ilipokwenda, nayo ikadandia: Kanada, Australia, Marekani, Ethiopia, na huku kwetu nyanda za ngano za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Inapenda baridi, kwa hiyo mtu wa Tanga au Mombasa huenda hajawahi kuiona.

UTAIJUAJE?

Ni nyasi ya msimu mmoja: inaota, inazaa, inakufa. Inafika urefu wa mita 1 na zaidi kidogo, na mara nyingi suke lake linachungulia juu ya ngano. Shida ni ikiwa changa. Hapo angalia vitu viwili:

1. Pale jani linapokutana na bua. Ngano ina vijisikio viwili vinavyokumbatia bua. Oti pori haina, ina kijiulimi cheupe chembamba tu.

2. Majani yanavyojisokota. Ukiyatazama kutoka juu, ya oti yanajisokota kinyume cha mshale wa saa. Ya ngano yanafuata mshale wa saa.

Ikishatoa suke hakuna ubishi. Suke la ngano limeshikana kama ngumi. La oti pori limetawanyika, vijitawi vyembamba na visuke vinavyoning'inia kama hereni. Kila kisuke kina mbegu 2 au 3, na kila mbegu ina nywele za kahawia na udevu wa sentimita 3 hadi 4 uliopinda katikati.

UDEVU UNAOTEMBEA

Hapa ndipo penye maajabu. Sehemu ya chini ya ule udevu imesokotwa kama kamba. Ikipata unyevu inajinyoosha, ikikauka inajisokota tena. Usiku kuna umande, mchana kuna jua, basi mbegu iliyoanguka chini inazungushwa huku na huku, inasogea, na ikipata ufa inajichimbia humo. Nywele zake zimeelekea upande mmoja, kwa hiyo kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi. Kwa ufupi, imekuja na jembe lake.

Hebu jaribu mwenyewe. Chukua mbegu moja kavu, iweke kiganjani, idondoshee tone la maji, subiri kidogo. Itaanza kujigeuza kama mdudu.

Mwingereza Robert Hooke aliliona hilo zamani sana. Katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665 alieleza jinsi alivyochukua udevu wa oti pori, akaufungia mshale mdogo, ukawa kifaa cha kupima unyevu wa hewa. Gugu la shambani likageuka chombo cha sayansi!

KWA NINI HALIISHI?

Sababu ya kwanza: linawahi. Oti ya kulimwa mbegu zake zinang'ang'ania kwenye suke mpaka uzivune. Oti pori mbegu inaachia yenyewe ikishakomaa, na nyingi zinakuwa zimeshadondoka kabla kombaini haijafika. Mmea mmoja uliopata nafasi unaweza kutoa mbegu 100, hata 200 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe.

Sababu ya pili, na hii ndiyo kubwa: mbegu zake zinajua kulala. Hata ukizipa maji na udongo mzuri, nyingine hazioti. Zinasubiri, zinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa. Cha ajabu ni kwamba hata mbegu za kisuke kimoja hazifanani. Ile ya chini, kubwa, huwa inaamka mapema. Ile ya pili, ndogo, inalala zaidi. Ni kama mama mwenye watoto wawili: mmoja anamtuma mjini leo, mwingine anamweka nyumbani kama akiba. Ukiua wa leo, wa akiba yupo. Ndiyo maana mzee anang'oa mwaka huu na mwakani yanarudi. Yale si yale aliyong'oa, ni wadogo zao.

Sababu ya tatu: dawa. Ile 2,4-D ambayo wengi wanaijua inaua magugu ya majani mapana. Oti pori ni nyasi kama ngano yenyewe, kwa hiyo haiguswi. Zipo dawa maalum za kuua nyasi ndani ya ngano, lakini ukirudia dawa ya aina moja kila msimu, yale machache yanayoihimili ndiyo yanabaki kuzaa. Australia waligundua oti pori sugu tangu miaka ya 1980, na nchi nyingine zimefuata.

SASA MZEE AFANYE NINI?

- Asipande mbegu chafu. Achambue kwanza. Mbegu 1 yenye udevu ndani ya debe ni mwanzo wa shamba zima.
- Kombaini ya kukodi isafishwe kabla haijaingia shambani. Inabeba mbegu za jirani.
- Ang'oe KABLA mbegu hazijaanza kudondoka. Kung'oa baada ya hapo ni kusaidia kupanda. Yakiwa bado mabichi ni malisho mazuri ya ng'ombe.
- Mvua za kwanza ayaache yaote, ayalime yafe, ndipo apande ngano.
- Abadilishe zao. Akiweka maharage au viazi msimu mmoja, oti pori haina pa kujificha.
- Baada ya kuvuna asikimbilie kulima chini sana. Mbegu zikibaki juu, ndege, wadudu na kuoza vinapunguza nyingi. Ukizifukia unazitandikia kitanda.

Kazi hiyo si ya msimu mmoja. Ni kumaliza akiba iliyoko ardhini taratibu, na kutoweka akiba mpya. Mwaka mmoja wa uzembe unarudisha hesabu nyuma.

Lakini tusiitukane sana. Wataalamu wa mbegu wanazithamini oti za porini. Avena sterilis, ndugu yake mwingine, ndiyo iliyowapa vinasaba vya kupambana na ugonjwa wa kutu kwenye oti za kulimwa. Kumbe hiyo "isiyo na maana" ina maana, ila siyo ndani ya ngano ya mzee.

Mshikaji, mwambie mzee hajarogwa. Wadau wa Narok, Njoro, Timau, Karatu na Hanang, nyie kwenu mnaliitaje hili gugu, na mnapambana nalo vipi? Mwagieni maoni hapo chini.