Noti za Dharura za Zama za Wajerumani

Kabla ya vita vya mwaka 1914, noti za rupia zilizotumika katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo iliyokuja kuwa Tanganyika, zilichapwa mjini Leipzig na kampuni ya Giesecke & Devrient, zikatiwa nakshi nyembamba ambazo mghushi wa kawaida asingeweza kuziiga: ile ya rupia 5 ya mwaka 1905 ina simba wawili, ya rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam, na ya rupia 50 ina sura ya Kaisari Wilhelm II.

Lakini manowari za Waingereza zilipoifunga pwani, shehena za fedha kutoka Ujerumani zikakatika, na serikali iliyokuwa na askari wa kulipa na chakula cha kununua ikalazimika kuchapa noti humu humu nchini. Kuanzia mwaka 1915 zikatoka noti za muda zenye kutaja Dar es Salaam na Tabora, zisizo na simba wala bandari, ila maandishi, tarehe na nambari, zikichapwa juu ya karatasi yoyote iliyopatikana. Ndiyo sababu moja huwa nene na nyingine nyepesi, na rangi zao hazilingani. Baada ya miji hiyo miwili kutekwa mwezi wa Septemba 1916, zikafuata noti za mwaka 1917, ambazo Wajerumani wenyewe waliziita za porini, zilizogongwa kwa herufi za mpira.

Mwenye kuichunguza noti ya namna hii hana budi kubadili mizani yake, kwani umaridadi si hoja tena. Na aishike penye mwanga, atazame nyuzi za karatasi, kisha aikague sahihi, maana nyingi zilitiwa kwa mkono: wino wa kalamu huzama na kutawanyika kidogo kandokando ya mstari, na unene wake hubadilika mkono ulipokaza au kulegea, ilhali sahihi iliyochapwa hufanana katika kila nakala. Halafu alinganishe tarehe, herufi ya toleo na umbo la herufi, kwa kuwa tofauti hizo ndogo ndizo zinazobainisha aina moja na nyingine, nazo ni ushahidi wa jinsi dhiki ilivyozidi mwezi baada ya mwezi.

Kwa hiyo noti iliyochakaa na kuchafuka haidharauliki, bali ni hati ya historia yetu, ya vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu na kubebwa mabegani mwa wapagazi wetu. Ewe uliyerithi moja katika sanduku la wazee, usiioshe, usiipige pasi, wala usiitie gundi, kwani maji na moto hufuta ushahidi wenyewe wa uhalisi wake. Ihifadhi pakavu, mbali na jua, na uwaonyeshe wajuzi kabla ya kuiuza.