Joto la jikoni (Unyamwezi)

Joto la jikoni, katika nyumba za Unyamwezi, ni kazi ya pili ya moto wa kupikia: kuwaotesha watu. Makala hii inalieleza kwa mfano wa Kigwa, kata ya Wilaya ya Uyui mashariki ya mji wa Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji.

Nchi hii ni uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai mbingu huwa nyeupe bila wingu, ardhi hupoteza joto lake usiku kucha, na kabla ya alfajiri baridi hufika nyuzi 15 au chini kidogo. Mchana jua hurudisha vuguvugu. Henry Morton Stanley alipita Kigwa katika msimu huohuo, akafika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Juni 1871. Tembe aliyokaa huko, ambamo David Livingstone naye aliishi mwaka uliofuata, ina kuta nene za udongo zinazotunza joto la mchana hadi usiku. Kibanda cha jiko cha kijijini hakina kuta za namna hiyo. Huwa chembamba na kina nyufa, na baridi yake humkuta mama aliyeamka kabla ya wote.

Ukuta ndio kitu adimu humo. Upande mmoja umechukuliwa na mlango; kwingine kumeegeshwa kuni, mtungi wa maji, vyungu na kinu. Ndiyo maana mafiga matatu hukaa karibu na katikati ya sakafu, wala si kwa kukosa maarifa. Moto ulio katikati hauhitaji ukuta, na watu watano wanaweza kuuzunguka kila mmoja akapata sehemu yake. Juu yake huwekwa uchaga wa mbegu za mahindi, kwa kuwa moshi hufukuza wadudu. Usiku gogo nene huvutwa nyuma na makaa hufukiwa majivuni. Alfajiri majivu hufukuliwa kwa kijiti, nyasi kavu huwekwa juu ya kaa jekundu na kupulizwa taratibu mpaka ulimi wa kwanza wa moto utoke. Hapo watoto husogeza vigoda, na maji ya kuoga hutangulia uji.

Hasara yake ni kubwa, na haifai kufichwa kwa kuupenda moto wa mababu. Kwenye mafiga, chungu hupata sehemu ndogo tu ya nguvu ya kuni, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20. Inayobaki huotesha watu kwa muda, kisha hutokea paani. Moshi huumiza macho na mapafu, ya wanawake na watoto wadogo kuliko ya wengine. Kuni nazo zinafuatwa mbali zaidi kadiri miombo inavyopungua.

Majiko banifu ya udongo hula kuni kidogo zaidi, ila mengi hujengwa kwa kuegemea ukuta. Palipo na nafasi finyu, pembe ndiyo mahali pake: jiko huchukua kipande cha kuta mbili badala ya kula ukuta mzima. Likijengwa nene, udongo wake hubaki na uvuguvugu hata moto ukishazimika. Bomba la moshi lipite mbali na nyasi za paa.

Wakulima wa tumbaku wa Tabora wanajua njia bora zaidi, ingawa wanaitumia kwa majani. Katika bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, tanuri huchochewa kutoka nje. Joto hupita ndani ya mabomba yaliyolazwa karibu na sakafu, na moshi hutoka upande mwingine bila kugusa tumbaku. Ukuta haupotezi nafasi hata kidogo. Wakorea wamefanya hivyo majumbani kwa karne nyingi, kwa kupitisha moshi wa jiko chini ya sakafu ya chumba cha kulala. Fundi anayejua kujenga bani ana ujuzi wa kutosha kujaribu mfereji mfupi kama huo, wa matofali, chini ya benchi la jikoni.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hilo ni jema. Lakini mtungi wa gesi huivisha uji upesi na kuzimwa, na chumba hubaki na baridi yake. Kwa hiyo baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Jiko hilo litumiwe mlango ukiwa wazi na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamefifia, kwa sababu makaa yanayofifia bado hutoa gesi hiyo kwa wingi.