Sanduku la mwanga wa urujuanimno

Sanduku la mwanga wa urujuanimno ni kifaa cha kuhamishia mchoro wa saketi kwenye bodi ya shaba. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, fundi anaweza kujiundia lake: mafundi wa jua kali wa Kamukunji hufua masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, yanayofaa kuwa kasha lake, na vifaa vya elektroniki huuzwa Luthuli Avenue, katikati ya jiji.

Taa za LED za nanomita 395 hadi 405 hufaa. Kila moja huhitaji takriban volti 3.2; tatu zikiungwa mfululizo kwenye adapta ya volti 12, hubaki volti 2.4, na rezista ya omu 120 huzuia mkondo usizidi miliampia 20. Taa zikikaribia bodi mno, mwanga huanguka kwa madoamadoa, na njia nyembamba za saketi hukatika. Kioo kizito hukandamiza filamu yenye mchoro juu ya bodi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa mwanya mdogo tu hufifisha kingo za mistari.

Utando mkavu, unaobandikwa juu ya shaba kabla ya kuweka filamu, hugeuka mgumu unapoangazwa. Sehemu zilizofichwa na weusi wa filamu huoshwa kwa maji yenye asilimia 1 ya sodiamu kaboneti, kemikali itengenezwayo kutokana na magadi ya Ziwa Magadi, Kajiado. Jua la Nairobi linaweza kuuangaza utando pia, ila mawingu ya Julai hayaaminiki.

Taa hizi huumiza macho. Weka swichi inayokata umeme mara kifuniko kinapofunguliwa.