Kitemiar: Lugha ya Msitu na ya Redio

Jina Orang Asli halimpi taabu msomaji wa Kiswahili. Orang ni watu, na asli ni neno lile lile la Kiarabu lililotuzalia asili. Wengi wa watu hao wa rasi ya Malaya husema lugha za jamii ya Austro-Asia, zilizokuwako huko kabla ya Kimalay kuenea. Kitemiar, cha milima ya Perak na Kelantan, ni mojawapo, nacho kina wasemaji zaidi ya 25,000.

Kustawi kwake kulisaidiwa na vita. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1948, wakomunisti walijificha katika misitu ya Watemiar. Serikali ya Waingereza iliwahamisha wenyeji kwa nguvu na kuwatia kambini, ambako wengi walikufa. (Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya walipigana huko, kisha wakarejea kuikuta Hali ya Hatari ya kwao.) Kambi ziliposhindwa, watawala walijenga ngome msituni wakatafuta urafiki. Mwaka 1959 redio ilianza kuwatangazia Orang Asli, na Kitemiar na Kisemai vikapata nafasi kubwa katika matangazo hayo. Hivyo lugha isiyokuwa na vitabu ilisikika mbali na mito yake, hata watu wa makabila jirani wakaitumia kuelewana.

Hata hivyo, redio peke yake hailei lugha. Kitemiar huishi katika mazungumzo ya nyumbani, ambamo msemaji hana budi kupambanua "sisi wawili" na "sisi sote", na tena kama anayeambiwa yumo au hayumo. Huishi pia katika nyimbo. Marina Roseman alieleza mwaka 1991 jinsi mwimbaji anavyofundishwa wimbo ndotoni na roho ya mti, ya tunda au ya mlima, na jinsi wanawake wanavyomwitikia huku wakipigiza mianzi.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 inaruhusu lugha za wenyeji kufundishwa iwapo wazazi wa wanafunzi 15 wataomba. Faida kubwa imekiendea Kisemai. Kwa maoni yangu, jambo zito zaidi liko nje ya darasa. Mwaka 2016 Watemiar wa Gua Musang waliweka vizuizi barabarani kuwazuia wakata magogo. Miti waliyoitetea ndiyo inayowapa nyimbo.