Foklifti

Foklifti ni gari fupi lenye mlingoti wa chuma mbele na meno mawili yapandayo na kushuka, lililokusudiwa kunyanyua shehena na kuipanga ghalani. Asili yake ni Marekani: kampuni ya Clark iliunda gari la kuhamishia vitu karakanani mwaka 1917, na Yale ikafuatia mwaka 1923 kwa gari la meno, lakini Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyolieneza, pamoja na chaga za mbao, katika bandari za ulimwengu.

Aina zake

Iliyo mashuhuri ni ile ya uzani wa nyuma. Kwa kuwa mzigo huning'inia mbele ya magurudumu, mwilini mwake nyuma hutiwa chuma kizito cha kuusawazisha, mfano wa mizani, na magurudumu ya nyuma ndiyo yakatayo kona. Dereva mwenye maarifa hujua kuwa tani, tuseme mbili, zilizoandikwa kwenye kibati cha gari ni za mzigo ulioegemea mlingoti, na kwamba mzigo huo huo ukisogea kwenye ncha za meno, au ukipandishwa juu kabisa, gari laweza kupinduka. Ya dizeli hufaa uwanjani. Ya betri ndiyo stahiki ya ndani, hususa palipo na chakula, kwa kuwa haitoi moshi.

Ile ya mlingoti usogeao mbele na kurudi hupita vichochoro vyembamba na kufikia rafu zizidizo mita 10. Iko pia ya ubavuni, kwa mbao na mabomba marefu. Toroli ya mkono ya haidroliki, isiyo na injini, huinua chaga sentimita chache tu, lakini hubeba tani 2 na zaidi.

Katika nchi ya korosho

Nyangamara, mkoani Lindi, ni nchi ya korosho na ufuta, mazao yauzwayo kwa mnada chini ya stakabadhi ghalani, utaratibu uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kwa korosho msimu wa 2007/08. Katika ghala la kijijini kazi ya kunyanyua na kupanga magunia ni ya wachukuzi: wawili hushika pembe za gunia la kilo zipatazo 80, wa tatu huinamisha shingo akatwikwa, akapanda ngazi ya magunia mengine hadi karibu na mabati. Ni kazi ngumu mno, na wanaoifanya wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Foklifti haiwezi kuwapokea hapo kwa urahisi, maana hudai sakafu ngumu iliyo sawa, mlango mpana, na magunia yaliyopangwa juu ya chaga zenye nafasi ya kuingiza meno. Lakini chaga za kijijini aghalabu huwekwa ili tu kuyaepusha magunia na unyevu wa sakafu.

Bandarini

Mtwara, bandari iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, hupokea korosho za kusini. Makontena hunyanyuliwa huko kwa mitambo mikubwa zaidi.