Kikosi cha Muda Wote cha Bongo: Jinsi ya Kukipanga kwa Zamu, na Ugomvi wa Namungo

Vijiwe vya Ruangwa na Nachingwea vinabishana kila siku nani alikuwa mkali kuliko nani, na ubishi huwa hauna mwisho kwa sababu hauna sheria. Mzee anasema Kibadeni, dogo anasema Chama, wanakunywa kahawa wanatawanyika. Hapa naweka sheria za mchezo ambao unamaliza ubishi huo kimtindo, halafu naweka kikosi changu mchane mchane.

Mchezo wenyewe asili yake Marekani. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York walianza kugawana wachezaji wa besiboli na kujifanya wao ndio wenye timu. Wakauita kwa jina la mgahawa waliokuwa wanakutania, La Rôtisserie Française. Baadaye watu wakaanza kugawana hata wachezaji wa zamani waliokwishastaafu, kutoka vikosi vilivyobeba ubingwa. Sisi besiboli hatuijui, tunaleta kwenye soka. Na mwaka 1980 ndio huo huo Taifa Stars walikwenda Lagos kwenye fainali za Afrika.

Sheria ni hizi. Mnacheza wawili au zaidi, mnachagua kwa zamu, kwa mtindo wa nyoka: aliyeanza raundi ya kwanza anakuwa wa mwisho raundi ya pili. Mchezaji akishachukuliwa basi, mwingine hampati. Kila mchezaji lazima umtaje na kikosi chake na mwaka, na kikosi hicho kiwe kilichukua ubingwa wa Bara, Ligi ya Muungano au Kombe la Challenge. Wageni wawili tu. Na sheria kubwa kuliko zote: kikosi kimoja unachukua mtu MMOJA. Huwezi kubeba Simba ya 1977 nzima ukajiita kocha.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya mchezo uwe mtamu. Bila hiyo kila mtu atajaza Simba na Yanga na kumaliza kazi ndani ya dakika tano. Ukiwa nayo unalazimika kukumbuka kwamba ubingwa wa Bara umeshawahi kukaa kwa Cosmopolitan mwaka 1967, Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Pan African mwaka 1982, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000, na Azam msimu wa 2013/14. Ukienda Ligi ya Muungano unawakuta Majimaji wa Songea, 1985, 1986 na 1998. Hao ni watu wa kusini wenzetu, msiwasahau.

Kuna vikosi vichache tumeviruhusu kwa heshima. Simba ya 1974 iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Taifa Stars ya 1980. Simba ya 1993 iliyofika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka 0-0 na Stella kule Abidjan halafu ikafungwa 2-0 hapa hapa Dar. Shikeni neno hilo "kwa heshima", nitalirudia maana ndipo ugomvi ulipozuka.

Sasa mbinu. Watu wengi wanakimbilia washambuliaji raundi ya kwanza. Kosa. Washambuliaji wazuri Bongo wamejaa, hata raundi ya nane utampata wa maana. Wanaoadimika ni mabeki wa pembeni. Muulize mtu yeyote akutajie beki wa kulia wa bingwa wa miaka ya nyuma, atakuna kichwa. Kwa hiyo mimi niliyeanza nilimchukua Mecky Maxime wa Mtibwa Sugar ya 2000, mpinzani wangu akacheka. Alipofika raundi ya sita bado hana namba mbili, kicheko kikaisha, akamkimbilia Shomari Kapombe.

Kushoto palinitesa zaidi. Yanga ya 1993 ilikwenda Kampala ikabeba Kombe la Afrika Mashariki na Kati kwa kuwafunga SC Villa 2-1 nyumbani kwao, mabao ya Said Mwamba "Kizota" na Edibily Lunyamila. Kila mtu akisikia Yanga ile anamtaka Lunyamila, winga aliyekuwa anawapeleka mabeki mchakamchaka. Lakini kwenye kikosi hicho hicho kuna Kenneth Mkapa, beki wa kushoto, na mimi natakiwa kuchukua mtu mmoja. Nikamchukua Mkapa. Mpinzani wangu, jamaa mmoja wa Nachingwea, Yanga damu, hakulala: zamu yake tu, Lunyamila huyo. Roho iliniuma, lakini mawinga nilikuwa na pengine pa kuwapata, beki wa kushoto wa kiwango kile sikuwa na pa kumpata.

Katikati ya ulinzi nina Leodegar Tenga wa Stars ya 1980, ambaye vijana wengi wanamjua kama rais wa TFF wa 2004 hadi 2013 na hawajui kwamba alikuwa beki wa nguvu. Pembeni yake Aggrey Morris wa Azam ile ya 2013/14 iliyochukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Golini Juma Kaseja wa Simba ya 2003. Hapa sibishani na mtu. Wale waliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa matuta, tena Cairo. Ndiyo, kuna Mambosasa, kuna Pondamali, kuna Mwameja, kuna Manula. Lakini nitajieni kipa mwingine wa Bongo aliyerudi na kichwa cha bingwa wa Afrika kutoka kwao.

Kiungo wa kukaba ni Khalid Aucho, Mganda, Yanga ya 2022/23 iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho na kulikosa kwa bao la ugenini tu baada ya kutoka 2-2 na USM Alger. Kumchukua Aucho maana yake nimemwacha Fiston Mayele, na nimetukanwa sana kwa hilo. Poa tu. Mabao ninayo kwingine.

Mbele yake kuna Maulid Dilunga wa Yanga ya 1968, mwaka ambao Yanga waliifunga Sunderland (ndiyo Simba ya sasa) 5-0 tarehe 1 Juni, Dilunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja. Na mdogo wake Kitwana, Sunday Manara "Computer", namchukua kutoka Yanga ya 1974. Ile mechi ya Nyamagana, Mwanza, Yanga 2 Simba 1, Sunday alifunga mojawapo, na baadaye akaenda kucheza Uholanzi katika klabu ya Heracles. Aliitwa Computer enzi ambazo wengi wa waliokuwa uwanjani hawajaona kompyuta kwa macho.

Winga wa kulia ni Luis Miquissone wa Simba ya 2020/21, mgeni wangu wa pili, aliyewafunga Al Ahly 1-0 kwa Mkapa mwezi Februari 2021.

Mbele kabisa Abdallah "King" Kibadeni, Simba ya 1977. Tarehe 19 Julai mwaka huo Simba 6 Yanga 0, Kibadeni matatu peke yake. Mwenzake ni Juma Mgunda wa Coastal Union ya 1988. Mtasema nampendelea kwa sababu mwaka 2024 alikuja kuifundisha Namungo. Kidogo, sikatai. Lakini Coastal ile ilibeba ubingwa mbele ya Simba na Yanga, na mshambuliaji wake hawezi kukaa benchi kwa Mayele.

Sasa ugomvi. Namungo haina kombe la ligi, kwa hiyo kwa sheria haimo. Mimi nikasema haki iko wapi? Tarehe 2 Agosti 2020 pale Sumbawanga tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, msimu wetu wa kwanza Ligi Kuu, tukafungwa na Simba 2-1. Tukaenda Afrika. Tukawatoa Primeiro de Agosto wa Angola kwa jumla ya mabao 7-5, tukaingia makundi. Timu ya Ruangwa! Jamaa wa Nachingwea akajibu: makundi mlifungwa mechi zote 6, Raja, Pyramids na Nkana wote walipita juu yenu, heshima gani hiyo?

Ni kweli. Lakini Stars ya 1980 kule Lagos ilifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja. Simba ya 1993 ilipoteza fainali nyumbani. Wote hao tumewapa kiti kwa sababu walifika mahali ambapo wenzao hawajafika. Sasa kama pointi moja inatosha kuingia na sifuri haitoshi, basi tuseme wazi kwamba heshima inapimwa kwa pointi, na Simba ya 1993 nayo tuipime upya.

Tulivyomaliza ni hivi, na naipendekeza kwa wote mtakaocheza. Kuna kiti cha 12, kiti cha nyumbani: kila mchaguaji anachukua mchezaji mmoja wa akiba kutoka timu ya kwao, iwe na kombe isiwe nalo. Wa Mtwara achukue wa Bandari yake. Mimi nimemchukua Reliants Lusajo wa Namungo ya 2020. Jamaa wa Nachingwea, aliyebisha saa nzima kwamba Namungo haistahili, zamu yake ilipofika akamtaja Lucas Kikoti.