Mali Bila Daftari

Abiria anayepanda daladala iendayo Makumbusho huwaza foleni, nauli na kiti cha dirishani. Ni nadra awaze habari za makumbusho. Hata hivyo, mahali pale pamepata jina kutokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ambako zimejengwa nyumba za asili za makabila yetu: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo na nyinginezo. Jina limebaki midomoni mwetu, lakini maana yake imetutoka. Makumbusho ni kitu kinachokumbusha. Swali langu ni hili: sisi tunaoishi mbali na pale, sisi wa Vingunguti, nani atatukumbusha?

Katikati ya jiji tunayo Makumbusho ya Taifa. Yalifunguliwa mwaka 1940, wakati wa Waingereza, kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Humo limehifadhiwa fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri upatao miaka 1,750,000. Humo pia kuna kumbukumbu ya waliokufa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Ni hazina kubwa, wala siidharau. Lakini mtoto wa Vingunguti akipelekwa kule na mwalimu wake, atarudi akijua habari za kiumbe aliyeishi kabla ya historia, na bado hatajua ni nani aliyefyeka shamba ambalo leo ni mtaa wao.

Hata vitabu vimetupita kando. Jarida la habari za Tanganyika lilianza kutolewa mwaka 1936, na mwaka 1970 toleo zima la 71 lilihusu Dar es Salaam, bandari yake na viunga vyake. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila liliandikwa kwa Kiingereza, na wazee wengi wa huku, ambao ndio wenye habari zenyewe, hawakuweza kulisoma wala kulisahihisha.

Je, Vingunguti ina historia ya kuhifadhiwa? Ninathubutu kusema inayo tele. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, inapita huku kwetu. Viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, vilivuta watu kutoka kila mkoa, nao wakanunua vipande vya mashamba na kujenga bila kusubiri ramani. Machinjio yetu yamelisha jiji zima nyama. Mabwawa ya majitaka yamepokea uchafu wa watu wasiotufahamu.

Na tusisahau habari ya taka. Wakazi wa Tabata walipochoshwa na moshi na harufu ya dampo, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kuishitaki halmashauri ya jiji, nao wakashinda. Ni ushindi unaosomwa na wanasheria hadi leo. Lakini taka hazikuyeyuka kwa hukumu ya jaji. Katika miaka ya 1990 zililetwa Vingunguti. Vitabu vya sheria vimeikumbuka Tabata. Na sisi tuliozipokea, habari zetu zimeandikwa wapi?

Huenda msomaji akaniambia kwamba mtu ambaye choo chake hufurika kila masika hana haja na makumbusho. Hoja hiyo ni nzito. Lakini nimewahi kukaa katika baraza la usuluhishi wa mpaka, majirani wawili wakigombea hatua tatu za ardhi. Hati ya mauziano ilikuwa karatasi ya daftari la shule, iliyosema mpaka ni “mwembe wa mzee.” Mwembe ulikwisha kukatwa. Aliitwa mzee mmoja aliyeyajua mashamba yale kabla ya nyumba. Akatembea polepole, akasimama, akachomeka fimbo yake chini. Ugomvi ukaisha. Mzee huyo sasa ni marehemu, na aliyoyajua amekwenda nayo.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwetu kumbukumbu ni ushahidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka leseni za makazi kwa watu wa maeneo yasiyopimwa kama haya, na ili uipate lazima ijulikane kwamba kiwanja ni chako. Asiye na karatasi huwategemea majirani waseme wanamfahamu. Majirani wakifa au wakihama, atasemewa na nani?

Wahehe walilijua jambo hili. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na fuvu lake likachukuliwa. Lilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarudishwa mwaka 1954. Leo lipo Kalenga, karibu na Iringa, katika jumba dogo la makumbusho. Miaka 56 ilipita, na haikuwezekana kuwaambia Wahehe kwamba hawadai kitu, kwa kuwa hawakusahau. Kule Bujora karibu na Mwanza nako, Padre David Clement kutoka Kanada alishirikiana na Wasukuma kukusanya ngoma, viti na vyombo vya watemi, na kijiji kikapata makumbusho yake.

Sisi hatuna fuvu la mtemi wala ngoma za enzi. Wala hatuhitaji kuanza na jumba. Tuanze na kabati lenye kufuli, daftari nene, na watu watano wanaoaminika. Wazee wahojiwe kwa Kiswahili chao na sauti zao zirekodiwe, jambo ambalo simu ya mkononi inalimudu. Picha za harusi zinakiliwe, kwa maana nyuma ya bibi harusi huonekana nyumba, mti na njia ambavyo havipo tena. Hati za mauziano zitolewe nakala, na karatasi yenyewe arudishiwe mwenyewe papo hapo, pasiwe na mtu wa kujifanya mwenye mali ya wenzake.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuusoma usemi huo dukani, juu ya kichwa cha muuzaji. Unatuhusu na sisi wapangaji na wenye nyumba wa Vingunguti. Wazee waliobaki wanahesabika, na daftari la kurasa mia mbili si ghali.